Aliyesaga Kovu la Gololi

Wewe unayecheka ukisikia mtu mzima anakusanya gololi, hebu acha. Nyinyi mmetuchosha. Nyumbani kwako kuna kabati limejaa vikombe ambavyo hakuna mgeni aliyewahi kunywea, kuna simu tatu zilizokufa unazitunza kama marehemu, halafu unamcheka mwenzio mwenye vigololi vyake kwenye trei? Kaa chini. Sikiliza habari za mama mmoja fundi miwani, halafu ndio ucheke. Ukiweza.

Mama huyu ana miaka hamsini na mbili, na thelathini kati ya hiyo ameimaliza mbele ya mashine ya kusaga lenzi. Duka lake ni chumba kimoja kilichokatwa na pazia. Mbele kuna ule ubao wa herufi, kubwa juu, ndogo chini, na kioo ambacho wateja hujitazama wakiuliza kama fremu inawazeesha. Kama inawazeesha, anawaambia. Ndiyo maana wateja wake si wengi, ila wakishaingia hawatoki. Nyuma ya pazia ndiko kwenye kazi yenyewe: mashine, beseni la maji, bakuli la unga mweupe wa kung'arishia, na kiti ambacho kimeshika umbo lake kiasi kwamba mtu mwingine akikikalia anateleza.

Gololi zilimpata akiwa hana habari. Mzee mmoja fundi saa alikuja kuchukua miwani yake mpya. Badala ya kusoma herufi ubaoni kama binadamu wengine, akatoa gololi mfukoni, akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akaanza kuizungusha taratibu.

"Mzee, herufi ziko huku," mama akamwambia.

"Herufi nimezikariri tangu miwani ya kwanza. Mimi siamini miwani mpaka nione uzi wa rangi ndani ya gololi." Akazungusha tena, akatabasamu. "Naam. Umeipatia, mwanangu. Njoo uone."

Akaenda kuona. Ndani ya kile kioo kidogo kulikuwa na nyuzi nyekundu na nyeupe zimesokotana kama mkufu, na katikati kapovu kamoja ka hewa, hewa ya pumzi ya watu waliokufa zamani. Basi. Mtu aliyekaa miaka yote hiyo akitengeneza vioo vya kutazamia vitu, leo ameonyeshwa kioo cha kutazamwa chenyewe. Wiki iliyofuata mzee akampeleka kwenye onyesho la wakusanyaji, na tangu siku hiyo jina lake ukumbini ni Mama Miwani.

Onyesho lenyewe si kitu cha ajabu. Kila baada ya miezi mitatu, Jumamosi asubuhi, watu kama arobaini wanakodi ukumbi wa juu wa maktaba. Meza zinatandikwa vitambaa vyeusi, trei zinafunguliwa, watu wanainama. Kuna dereva wa lori anayekusanya za kijani peke yake. Kuna dada wawili mapacha wasioongea tangu mmoja apate ya njano ambayo mwingine alikuwa anaifukuzia. Mwenyekiti ni mwalimu mkuu wa shule aliyestaafu, na mlangoni, juu ya kopo la gololi chakavu, amebandika masharti yake kwa herufi za ubao: USIGUSE BILA RUHUSA. USIOSHE KWA DAWA. USISUGUE. GOLOLI ZA ONYESHO HAZIPIGWI.

Kwa taarifa yako, sharti la kusugua ndilo lenye moto. Zamani gololi za kioo zilitengenezwa kwa mkono. Fundi anavuta fimbo ya kioo cha moto yenye nyuzi za rangi ndani, anakata kipande, anakiviringisha mpaka kiwe duara. Pale alipokata panabaki kovu, mahali penye kukwaruza kidogo ukipitisha kucha. Nyingi zina makovu mawili, huku na huku. Ile ya mwisho wa fimbo huwa na moja tu. Za mashine hazina kovu la namna hiyo. Kwa hiyo kwa watu hawa kovu ndilo cheti cha kuzaliwa. Ukimpa mkusanyaji gololi ya mkono, hatazami rangi kwanza. Anatafuta kovu, kama mama anayemkagua mtoto aliyerudi kutoka shule ya bweni.

Sasa, mzee fundi saa alikuwa na ya mkono yenye kovu moja, ile ile ya kupimia miwani. Na alitaka kuitoa. Usishangae, alikuwa na sababu.

Sababu ilikuwa gololi nyingine, ya mashine, nyeupe yenye mchirizi mwekundu, imemeguka upande mmoja. Haina thamani yoyote. Ilikuwa ya kaka yake. Walipokuwa watoto mzee aliigonga kwa nyundo, kuona mchirizi umeingiaje ndani, ikabanduka kipande kama kucha, na kaka yake akamzaba kofi ambalo mpaka leo analisimulia kwa fahari. Kaka alifariki. Kopo lake la gololi mtoto wake akalitoa bila kuuliza mtu, likapita mikono miwili mitatu, likaishia kwa daktari wa meno. Huyu ndiye mkusanyaji mkubwa kuliko wote pale ukumbini, gololi elfu nne, kila moja na karatasi yake.

Daktari si mtu mbaya. Ni mtu wa utaratibu, na ukimjua utaona hilo ni gumu zaidi. Msimamo wake ni kwamba kopo la mtu halivunjwi. Likiingia zima, linakaa zima. Mzee amembembeleza mwaka mzima mpaka akalegea.

"Sawa mzee. Nitalivunja mara moja, kwa ile yako ya kovu moja. Na iwe onyesho hili, maana baada ya hapo kopo naliingiza kwenye kabati la kioo, nalifunga, sifungui tena."

Jumatano mzee akaja dukani na gololi imefungwa kwenye kitambaa. "Mwanangu, ioshe kwa maji ya uvuguvugu tu. Halafu unitengenezee kapete ka kukalia, kwa waya wa fremu mbovu, ikae kovu juu. Daktari alione kabla hajaniona mimi."

"Wacha kwangu, mzee wangu."

Maneno hayo. Aisee.

Alhamisi mchana alikuwa na lenzi kumi na nane za oda ya kiwanda cha nguo. Kapete kalikuwa tayari, gololi imekaa juu yake karibu na mashine, kovu juu, kama alivyoagizwa. Simu ikalia. Ni muuza fremu wake.

"Nimekuagiza za kike, umeniletea boksi zima la kiume!" mama akafoka, simu ameibana kwa bega. "Hapana, wewe nisikilize. Hapana! Hivi unajua pua ya mwanamke wewe?"

Akiwa anagomba hivyo, mkono ukawa unafanya kazi. Mkono wa miaka thelathini hauulizi. Unachukua lenzi, unahisi mkwaruzo, unasaga, unang'arisha, unaweka. Ukachukua ya tatu. Ukachukua ya nne. Halafu ukachukua kitu cha duara, ukahisi mkwaruzo.

Alipokata simu, kwenye kiganja kulikuwa na gololi safi, laini, inang'aa pande zote kama tone la maji. Aliitazama sekunde mbili tatu akiwa bado ana hasira za fremu. Halafu macho yakaenda kwenye kapete. Katupu.

Akapitisha kucha. Laini. Akageuza upande wa pili, kana kwamba kovu limehamia huko. Laini.

Alifunga duka saa tisa. Nyumbani mumewe, seremala, alikuwa uani anapiga randa. Akamwekea gololi mbele ya uso.

"Inang'aa kweli," mume akasema.

"Ndiyo tatizo!"

"Mke wangu, wewe na hizi gololi zako. Ikiwa chafu tatizo, ikiwa safi tatizo." Lakini alipomwona anakaa juu ya mbao bila hata kupangusa vumbi, akaweka randa chini. Akasikiliza yote. Halafu akakuna kidevu. "Si kovu tu? Mimi watu wananiletea meza mpya wanataka ionekane ya babu yao. Naipiga msasa hapa, naigonga na mnyororo pale, kesho ni ya babu yao. Wewe una mashine. Rudisha kovu."

Usijifanye malaika. Na wewe ungewaza hivyo hivyo. Ijumaa asubuhi mama aliikamata ile gololi kwa koleo dogo, akaishusha mpaka ikabaki nafasi ya unyoya kati yake na jiwe la kusagia. Dakika tatu zingetosha. Mzee asingejua, macho yake mama anayajua kuliko mtu yeyote, namba zake ziko kwenye daftari. Daktari naye labda angejua, labda asingejua.

Na hapo ndipo mkono uliposimama. Kwa sababu Daktari akija kugundua, hata baada ya miaka mitano, tapeli hatakuwa mama. Atakuwa mzee, aliyempa kovu bandia kwa mkono wake mwenyewe, huku akichekelea. Mzee ambaye hata saa ya mteja aliyehama mji anaitunza kwenye bahasha yenye jina.

Akazima mashine. Siku ile alikwenda mara mbili kwenye kibanda cha fundi saa. Mara ya kwanza akakuta mzee ana mteja, akarudi. Mara ya pili akamkuta peke yake, akarudi vile vile.

Kwa hiyo akamwambia Jumamosi, kwenye ngazi za maktaba. Mzee alikuwa amevaa koti lake la harusi za watu.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Umemleta mgeni wetu?"

"Mzee, nimelisaga."

"Umesaga nini?"

"Kovu. Nilikuwa naongea na simu, mkono ukalisaga. Halipo tena."

Mzee akaipokea gololi. Akavaa kijicho chake, ile lenzi ndogo ya mafundi saa, akaizungusha kwenye mwanga, polepole, mzunguko mzima, na mwingine. Watu wakawa wanapanda ngazi wakiwasalimia, na hakuna aliyeitikia.

"Umelisaga vizuri," akasema mwishowe.

"Mzee, nitukane tu."

"Nikutukane ili upumue? Hapana. Utabeba hivyo hivyo." Akafunga kitambaa. "Twende."

"Twende wapi? Daktari hana haja nayo tena."

"Nilimwahidi nitakuja nayo. Nimekuja nayo."

Wakamkuta Daktari ameshajipanga: kitambaa cheusi hakina hata mkunjo, kopo la kaka pembeni, na ile gololi iliyomeguka ameshaitoa, ameilaza peke yake juu ya pamba. Mzee akaiona. Lakini mkono wake haukwenda.

"Daktari, kabla hujaitazama," mzee akasema, "kovu halipo. Limesagwa kwa bahati mbaya."

"Nimelisaga mimi," Mama Miwani akadakia. "Yeye hana kosa."

Daktari akainyanyua, akaitazama muda mrefu. Uso ulimlegea kwa huzuni ya kweli, kama mtu aliyeonyeshwa jino zima lililong'olewa bure. "Mzee, nakuamini. Lakini nikiiweka kwenye trei, nitaandika nini kwenye karatasi yake? Kwangu hii sasa ni jino la bandia." Akamrudishia mzee gololi yake, akaokota ile iliyomeguka, akaanza kuirudisha kwenye kopo. "Unisamehe sana."

"Daktari," Mama Miwani akasema, "tucheze."

"Tucheze nini?"

"Gololi. Za kula. Ukishinda unachukua, ukishindwa unatoa."

Ukumbi mzima ukasikia. Hata wale mapacha wakatazamana kwa bahati mbaya.

"Mama Miwani!" Mwenyekiti akaja mbio. "Mlangoni umesoma nini?"

"Nimesoma gololi za onyesho hazipigwi, Mama Mwenyekiti. Hizo hatuzigusi. Tutapiga zile za kopo la chakavu pale mlangoni." Akafungua trei yake, akatoa tatu anazozipenda kuliko zote: ya rangi ya asali, nyeusi yenye ukungu, na ya mkono, ndogo, makovu mawili, ambayo alizunguka maonyesho matano kuipata. Akazilaza juu ya pamba ya Daktari. "Dau langu hili. Lako ni hiyo moja iliyomeguka."

Daktari akatazama yale makovu mawili. Akameza mate. Halafu akasema jambo ambalo hakuna aliyelitarajia.

"Sijui kucheza."

"Nini?"

"Sijawahi kupiga gololi. Mama yangu hakutaka nichafue magoti." Masikio yalimwiva. "Nilikuwa nazitazama dirishani, za wenzangu. Ndiyo nikaanza kuziokota walizosahau."

Mtu akacheka huko nyuma, akakatishwa na kiwiko. Gololi elfu nne, na hajapiga hata moja! Mzee fundi saa akavua koti, akalikunja, akalitandika sakafuni.

"Piga goti hapo, Daktari. Lete mkono. Gololi ikae hapa, kwenye kiungo cha kidole cha shahada. Kidole gumba nyuma yake. Usisukume mkono, huo ni wizi. Kidole tu ndicho kinachofanya kazi."

"Mzee," Mama Miwani akanong'ona, "uko upande wa nani?"

"Wa mchezo. Na wewe nyamaza, nafundisha."

Mwenyekiti akasimama akiwatazama, midomo ameibana. Halafu akafungua mkoba, akatoa chaki. Mwalimu hastaafu chaki. Akainama, akachora duara lake safi, akapanga ndani gololi saba za chakavu. "Atakayetoa nne ameshinda. Na msinipigie kelele, chini kuna watu wanasoma."

Mama Miwani utotoni alikuwa hatari. Lakini utotoni alipigia kwenye udongo, na hii ilikuwa sakafu iliyopigwa nta. Ya kwanza ikatoka. Ya pili ikateleza ikaenda zake mpaka chini ya meza ya dereva wa lori. Daktari naye alianza kwa kurusha kama mtu anayefukuza nzi. Mara ya tatu akapata, akaruka kama amechomwa. Alikuwa na mikono iliyotulia, na mzee hakuacha kumnong'oneza. Mbili kwa moja. Mbili kwa mbili. Tatu kwa tatu. Ikabaki gololi moja duarani.

Mama Miwani akapiga. Ikapita pembeni, upana wa karatasi.

Daktari akapiga. Vibaya mno! Ikaipita kabisa ile gololi, ikatoka nje ya duara, ikagonga mguu wa meza, ikarudi kinyumenyume, tik, ikaisukuma nje.

Watu wakalipuka.

"Haihesabiki! Imegonga mguu wa meza!"

"Mguu wa meza si mchezaji!"

"Rudia, Daktari, rudia!"

"Kimya!" Mwenyekiti akasema. "Mzee ndiye aliyefundisha, mzee aamue."

Macho yote kwa fundi saa. Na kila mtu alijua anaamua nini. Aseme haihesabiki, mchezo unarudiwa, na hakuna ambaye angemlaumu. Mzee akaitazama ile gololi nyeupe yenye mchirizi juu ya pamba. Akapangusa goti.

"Iliyotoka imetoka," akasema. "Daktari kashinda."

"Mzee!" Mama Miwani sauti ikamkatika.

"Ningekwambia nini mwanangu? Imetoka."

Daktari alikuwa bado amepiga magoti, suruali ina vumbi la chaki, anahema. Akanyoosha mkono, akazikusanya tatu za Mama Miwani na ile ya kaka, zote nne, kwenye kiganja.

"Bado mbegu," mzee akamwambia.

"Mbegu gani?"

"Hujawahi kucheza, hujui. Aliyekula hamwachi mwenzake mikono mitupu. Anamrudishia moja, ya kuanzia kesho. Vinginevyo kesho utacheza na nani?"

"Ni kweli," Mwenyekiti akasema. "Nimesimamia uwanja wa shule miaka yote. Mbegu lazima. Na anachagua aliyefungwa."

Daktari akatazama kiganja. "Anachagua yoyote iliyokuwa kwenye dau?"

"Yoyote," mzee akajibu, na safari hii hakuthubutu kumtazama mtu usoni.

Daktari si mjinga; mtu hasomi meno miaka mingi hivyo akiwa mjinga. Alielewa pale pale. Na hakuna ambaye angemlazimisha, maana sheria ya watoto haina polisi. Magoti yake machafu bado sakafuni, akafungua kiganja mbele ya Mama Miwani.

"Chagua."

Mama akaziangalia zake tatu. Ya asali ilikuwa inamtazama hasa. Akachukua ile iliyomeguka, akageuka, akaiweka kwenye mkono wa mzee, akaukunja ule mkono kwa mikono yake miwili.

Mzee hakuivalia kijicho. Aliipapasa kwa kidole gumba tu mpaka akapata pale palipobanduka, kidole kikakaa humo na hakikutoka. "Nilikuwa na miaka saba," akasema. "Lile kofi, mwanangu, lilikuwa na mwangwi." Halafu akaomba kiti.

Mama Miwani amejaribu mara tatu kubadilishana na Daktari arudishiwe ya asali. Jibu ni lile lile: "Hiyo sibadilishi. Hiyo niliishinda." Ameiandikia karatasi ndefu kuliko zote, na mguu wa meza umo.

Sasa sikiliza, wewe uliyetaka kucheka. Daktari ameshikwa na ugonjwa. Kila Jumamosi ya onyesho yuko ukumbini mapema, na kipande cha chaki ameomba kwa Mwenyekiti, anatafuta mtu wa kucheza naye. Dereva wa lori amechoka, wale mapacha wameanza kumkimbia pamoja. Kama ulikuwa unapiga gololi utotoni, na ulikuwa unapiga, usinidanganye, nenda kacheze naye. Piga goti. Mfunge kwelikweli, usimwonee huruma. Ila mbegu usimnyime.